Nimechoka kumhurumia mama yangu: je, tafakuri ya Kibuddha itanisaidia?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 41, naishi Tabata. Huu ni mwaka wa pili namuuguza mama yangu mzazi. Alipatwa na kiharusi, upande wa kulia umepooza na maneno hayatoki vizuri. Nilifunga genge langu la mboga ili nikae naye. Kaka yangu yuko Mbezi; anatuma hela ya pampasi, anaandika "pole sana" kwenye kundi la familia, kisha anaweka picha za nyumba yake mpya. Mwanzoni nilikuwa na huruma hadi nalia pamoja na mama. Sasa huruma imekauka. Wiki iliyopita alimwaga uji kitandani mara ya pili asubuhi moja, nikamfokea: "Mama, umenichosha!" Akalia kwa upande mmoja wa uso. Tangu siku hiyo sina usingizi. Kuna usiku namwomba Mungu amchukue, halafu najiogopa. Rafiki yangu anasema tafakuri ya Kibuddha hurudisha huruma na kuleta furaha ya kudumu. Mimi ni Mwislamu. Inawezekana? Na si kosa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Na pole. Naliandika neno hilo nikijua limeshakukinaisha, maana limekuwa likikufikia kwenye simu kila siku bila mkono wa kuinua beseni. Nitalirudia, kwa sababu naamini sehemu ya dawa yako imo ndani yake.

Swali la dini nitalijibu mwisho. Kwanza twende kwenye kitanda cha mama.

Katika Vinaya, yaani maandiko ya nidhamu ya watawa wa Kibuddha, kuna kisa cha mtawa mmoja aliyeshikwa na ugonjwa wa kuhara. Buddha, mwalimu aliyeanzisha njia hiyo, alikuwa akipita kwenye makazi ya watawa pamoja na Ananda, msaidizi wake, wakamkuta amelala katika uchafu wake mwenyewe, hana mtu. Buddha akamuuliza mbona wenzake hawamuuguzi. Akasema ni kwa sababu yeye hakuwa amewafaa kwa lolote. Buddha akamtuma Ananda maji. Yalipoletwa, Buddha akawa anamimina na Ananda anaosha. Walipomaliza, Buddha akamshika upande wa kichwa, Ananda upande wa miguu, wakamwinua na kumlaza kitandani. Ndipo akawakusanya watawa akawaambia kwamba pale hawana mama wala baba wa kuwauguza, na wasipouguzana wao kwa wao, nani atawauguza? Anayetaka kumhudumia yeye Buddha, na amhudumie mgonjwa.

Watu wengi hukimbilia maneno hayo ya mwisho, na ni maneno makubwa kweli. Lakini kwako wewe nataka utazame mikono. Ilikuwa minne. Mtu ambaye wafuasi wake humhesabu kuwa amefika kilele cha huruma hakumwinua mgonjwa peke yake. Wewe umekuwa ukiinua kichwa na miguu kwa mikono miwili, mwaka wa pili sasa, kisha unashangaa huruma imekwenda wapi. Kabla hatujasema lolote kuhusu moyo wako, hilo liwe wazi: uchovu wako una sababu ya kimwili, na hakuna tafakuri itakayokaa mahali pa usingizi.

Maandiko hayohayo yana jambo jingine ambalo lilinifariji sana nilipokuwa namuuguza baba yangu, Magomeni. Yanataja wazi kwamba wako wagonjwa wagumu kuuguzwa: asiyefuata kinachomfaa, asiyejua kiasi, asiyetumia dawa, asiyeeleza maumivu yake yalivyo, asiyestahimili. Mama yako hawezi kueleza maumivu kwa sababu kiharusi kimemnyang'anya maneno. Si kosa lake, na bado ni vigumu. Na miongoni mwa sifa za muuguzi mwema imo hii: asione kinyaa kwa kinyesi, mkojo, mate na matapishi. Wazee hao hawakupaka kazi hii marashi. Waliitaja kwa majina yake.

Sasa tuje kwenye huruma iliyokauka. Mafundisho ya Kibuddha yanataja hali nne za moyo zinazolelewa pamoja, na majina yake ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko hayo, ni haya: metta, ule upendo wa kumtakia mtu mema, karuna, huruma mbele ya mateso, mudita, kufurahia heri ya mwenzio, na upekkha, utulivu wa moyo usioyumba. Katika karne ya 5, huko Sri Lanka, mtawa mwanazuoni aitwaye Buddhaghosa aliandika kwamba kila moja ina adui wa mbali na adui wa karibu. Adui wa mbali wa huruma ni ukatili, na huyo unamwona akija tangu ng'ambo ya barabara. Adui wa karibu ni huzuni. Huyu hatari zaidi, maana huvaa nguo za huruma, hubisha hodi kwa sauti ya huruma, nawe unamkaribisha ndani.

Uliponiambia kwamba mwanzoni ulikuwa unalia pamoja na mama, ulidhani unanieleza kuhusu huruma yako. Nadhani sehemu kubwa ilikuwa huzuni. Ilikuwa huzuni ya kweli, ya mtoto anayemwona mama aliyembeba mgongoni sasa akibebwa, nami siidharau hata kidogo. Ila huzuni inakula akiba. Ikiisha kula, mtu hubaki mkavu, kisha ule ukavu hugeuka ukali. Uji uliomwagika ulikuta ghala tupu.

Hili limeonekana hata kwenye maabara. Tania Singer, mtafiti wa ubongo aliyefanya kazi Ujerumani, alimweka Matthieu Ricard, mtawa wa Kibuddha mzaliwa wa Ufaransa, ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Alimwomba aumie tu pamoja na watoto wa kituo kimoja cha yatima cha Romania aliokuwa amewaona kwenye filamu. Ricard alieleza baadaye kwamba haukupita muda mrefu akawa hoi. Aliporuhusiwa kugeukia huruma yenyewe, yaani kuwatakia watoto walewale nafuu kwa moyo wa joto, mateso waliyokuwa nayo hayakupungua katika fikra zake, lakini uchovu ule uliondoka. Singer na mwenzake Olga Klimecki waliendelea na watu wa kawaida wasio watawa. Waliofunzwa kuhisi maumivu ya wengine waliumia zaidi. Walewale walipofunzwa huruma baadaye, hisia njema zilirudi. Kwa hiyo rafiki yako hakukudanganya: huruma hufundishika.

Lakini usianze na mama yako. Najua utashangaa. Buddhaghosa anaonya kwamba mtu anayeanza kujifunza asianze na mpenzi wa moyo wake, kwa sababu mpenzi huyo akipatwa na shida hata ndogo, mwenye kutafakari hutaka kulia. Asianze na adui pia, na kaka yako kwa sasa yuko karibu na upande huo. Aanze na nafsi yake mwenyewe.

Fanya hivi. Ukimaliza sala ya Alfajiri, mama akiwa bado amelala, kaa hapohapo dakika kumi. Simu iache chumba kingine. Weka mkono kifuani ikikusaidia. Angalia pumzi inavyoingia na kutoka bila kuilazimisha, mara kama kumi, hadi mabega yashuke. Kisha jiambie polepole, kwa kunuia: Niwe salama. Mwili wangu upate nguvu. Moyo wangu upoe. Niishi kwa amani. Rudia. Akili itakimbia kwenye bei ya dawa, kwenye maji yaliyokatika, kwenye picha za Mbezi. Irudishe bila kuigombeza, kama unavyomrudisha mtoto mdogo aliyetoka nje ya geti. Siku nyingi hutahisi chochote. Endelea tu, unachopanda ni nia, na hisia huja kwa wakati wake.

Wiki ya pili, ongeza mtu aliyekutendea wema ambaye yu hai na hakupi mawazo: mwalimu wako wa shule ya msingi, au jirani aliyewahi kukukopesha unga bila kuhesabu siku. Wiki ya tatu, mchague mtu usiyempenda wala kumchukia. Hapa jiji letu ni shule kubwa. Konda wa daladala anayening'inia mlangoni akiita "Segerea, Segerea" tangu gizani. Kijana wa bajaji anayekupeleka famasi. Yule mama anayekaanga mihogo pale kona ambaye hujawahi kujua anaitwa nani. Nao walilala saa chache, nao wanataka mambo yao yaende. Niwe salama inageuka awe salama. Naomba ukae sana kwenye hatua hii, maana ndipo nilipoona watu wengi wakibadilika, nami pia. Huruma kwa mama yako imefungwa na kumbukumbu, deni na hofu ya kumpoteza. Huruma kwa konda haina kamba hizo, kwa hiyo unaweza kuionja ikiwa safi, ukajua ladha yake. Ukishaijua, ndipo mlete mama.

Naye mlete kwanza kwa mikono. Kabla ya kumfungua pampasi, vuta pumzi tatu. Jaribu maji kwa kiwiko. Yaangalie yanavyopita juu ya ngozi yake, ujue kwamba unaosha mguu, kisha unajua unakausha. Kila baada ya saa mbili unapomgeuza ili asipate vidonda vya kulalia, geuza pamoja na maneno: mama, upate nafuu. Hata akikukunjia uso. Maneno hayo humlenga yeye, na pia hukuzuia usizame katika ile hadithi ya kwamba hali hii haitakwisha. Mikono iliyo na kazi ya dakika hii tu huchoka kidogo kuliko mikono inayobeba miezi yote ijayo.

Kuhusu siku ya uji. Buddha alitoa mfano wa bonge la chumvi. Ukilitia katika kikombe cha maji, maji hayanyweki. Bonge lilelile ukilitupa katika mto Ganges, mto hauharibiki. Alikuwa akizungumzia hasa tendo baya dogo: kwa mtu ambaye moyo wake haujalelewa, tendo hilo huleta mateso makubwa, na kwa aliyeupanua moyo, tendo lilelile halionekani sana. Ulimfokea mama. Hiyo ni chumvi, na siwezi kukuambia kwamba ni sukari. Lakini umekuwa ukiirudisha kikombeni kila usiku na kuionja upya, na kwa kukosa usingizi huo unajitayarishia ukali wa kesho. Muombe mama radhi kwa maneno. Hata kama hawezi kujibu, anasikia. Machozi yake yalikuonyesha hivyo. Mwambie, "Mama, nilikufokea, nisamehe." Kisha kazi iwe kuongeza maji: zile dakika kumi, na usingizi.

Na ile dua ya usiku, ya kutaka Mungu amchukue? Nimeisikia kwa waliouguza wengi kuliko unavyofikiri, kwa kawaida wakiinamisha uso. Mara nyingi ndani yake kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja: "mama apumzike" na "mimi nipumzike". Yatenganishe. La kwanza ni huruma. La pili ni haki ya mwili wako, nalo lina jibu lisilo la kifo: mtu wa kukupokea zamu. Hapa ndipo upekkha inapoingia, na sipendi inapotafsiriwa kama kutojali, kwa sababu kutojali ndiko adui wake wa karibu. Upekkha ni moyo wa kusema: nitaosha, nitalisha, nitampeleka kliniki, na bado siku za mama yangu haziko mkononi mwangu. Wewe Mwislamu una neno lako, tawakali, la kumkabidhi Mungu baada ya kufunga ngamia. Unalijua vizuri kuliko mimi. Lakini kama usiku huo unakuletea fikra za kumdhuru mama au kujidhuru mwenyewe, au umeshindwa kulala kabisa wiki nzima, usingoje tafakuri. Mwambie mtu leo, uende hospitali. Madaktari wa magonjwa ya akili wapo pia kwa ajili ya wanaouguza.

Sasa nilirudie lile neno. Lugha yetu imetupa maneno mawili: pole na hongera. Pole tunampa hata mtu ambaye hatukumkosea lolote; pole na safari, pole na kazi, pole na msiba. Hiyo ni karuna midomoni. Hongera ni mudita. Tumezaliwa tukiambiwa tuseme yote mawili, lakini ukichunguza utaona kwamba pole hutoka rahisi na hongera hukwama kooni. Mtu aliyevunjika mguu hatutishi. Aliyejenga, ndiye anayetuuma.

Wewe umeishi miaka miwili kwenye pole tupu. Unaipokea, unaitoa, unaila. Ndiyo maana furaha imekimbia. Mafundisho ya Buddha hayakuiacha huruma peke yake. Yaliiweka mudita kando yake, kwa sababu moyo unaotazama mateso tu huanza kuamini kwamba duniani hakuna kingine. Kijicho ni kinyume cha mudita, na dawa yake haianzi na kaka. Anza na kilicho chepesi. Mtoto wa jirani amefaulu darasa la saba: toka nje, mwambie hongera ukiwa umemtazama machoni, ukae na ile furaha yake pumzi tatu, kama anayeota jua. Mama amemeza vijiko sita bila kupaliwa: hongera, mama. Amesema "maji" na ikasikika: hongera. Usiyaone haya kuwa madogo. Ukitafuta mahali furaha ilipo nyumbani kwako sasa hivi, ni hapo kwenye vijiko sita.

Picha za nyumba ya Mbezi zije mwisho, baada ya miezi, na pengine siku moja utaandika hongera kwenye kundi bila kuhisi kitu kikikukaba. Isipotoka, usiighushi.

Kuhusu furaha ya kudumu niwe mkweli. Buddha hakuahidi hisia isiyopita. Alifundisha kwamba kila kinachotokea kwa sababu fulani hupita sababu hizo zikiondoka, furaha ya asubuhi ikiwemo. Anayekuuzia tafakuri kama raha isiyokatika, usinunue. Kinachoweza kudumu ni namna ya kuwa: moyo ambao huzuni ikija haukimbii, na heri ikija hauing'ang'anii. Maandiko yanataja faida kumi na moja za kulea metta, na inayotangulia ni ya mama wa nyumbani kabisa: mtu hulala vizuri. Ya pili, huamka vizuri. Kwako ningeanza kuhesabu mafanikio kwa hizo mbili.

Na dini. Ubuddha ni dini kwa watu wake. Wapo hapa Dar es Salaam, na Upanga kuna hekalu lililoasisiwa na jamii ya watu wa Sri Lanka, lenye mti wa Bodhi, mtakatifu kwa Wabuddha, uwanjani. Mtu huwa Mbuddha kwa kukimbilia kwa nia yake mambo matatu: Buddha, mafundisho yake na jumuiya ya wafuasi. Mimi sikuambii ufanye hivyo. Kukaa kimya, kutazama pumzi na kuwatakia watu mema kwa Kiswahili hakukudai kuiacha shahada yako wala kuinamia sanamu. Nimekupa maneno ya matakwa ambayo hayamwombi kiumbe yeyote. Ukitaka, yageuze yawe dua kwa Mola wako. Kazi ya moyo itabaki ileile. Ukiwa bado na wasiwasi, muulize sheikh unayemwamini, umsomee barua hii yote asikie nilichosema.

Limebaki la kaka. Kumhurumia hakumaanishi kunyamaza. Usimwandikie kwenye kundi mbele ya watu, atajitetea. Mpigie, usimlaumu kwa miaka miwili, umwombe kitu kimoja chenye siku na saa: Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi, kila wiki. Akisema hajui kuuguza, mwambie ni kweli, hata wewe hukujua. Na akifika Jumamosi ya kwanza, usikimbilie kumwandalia chai. Mpe beseni la maji ya vuguvugu na taulo, umwonyeshe akae upande wa miguu. Wewe shika upande wa kichwa.